Lori la Udongo na Samaki wa Rangi

Mmoja wenu alinipigia simu juzi akiwa dukani, anataka nimwambie haraka kabla hajafungua pochi. Ameona kimfuko cha unga wa udongo chenye picha ya samaki mwekundu, kimeandikwa kwamba ukiumwaga unga huo bwawani, wale samaki wa mapambo wanaoitwa koi watang'aa na hawataugua. "Bibi, unafaa au haufai?" Nikamwambia swali hilo halijibiwi kwa mtu aliyesimama, atafute pa kukaa. Akaona namchezea, akakata simu. Basi nawajibu nyote kwa pamoja, na yeye akiyasoma haya ajue kwamba sikuwa nacheza. Udongo ndani ya bwawa ni jambo ambalo nimeliona likitaka kumnyang'anya mtu riziki yake, kisha likamrudishia.

Kwa wasionijua, naitwa Yustina. Nimefanya kazi ya samaki nyanda hizi za Kigoma tangu nikiwa na meno yote, Kibondo kwanza, Kasulu baadaye. Wanaume wenye kazi hiyo waliitwa Bwana Samaki. Siku niliyoripoti Kibondo nikitoka chuoni, watu walikuwa wakichungulia nyuma yangu wamwone huyo bwana akishuka kwenye gari. Hakushuka. Ikawa shida niitweje, maana Bibi Samaki lilisikika kama jina la mke wa mtu. Mwishowe wakakubaliana Mama Samaki, likanikaa hadi leo, hata kanisani.

Aliyenifundisha udongo si chuo. Chuo kilinifundisha magonjwa ya samaki kwa Kilatini, na sijawahi kukutana na samaki wa Kakonko aliyeugua kwa Kilatini. Aliyenifundisha ni mzee Balitazari, wa Kakonko, hukohuko wilayani Kibondo, aliyekuwa amechimba mabwawa ya misheni ujana wake wote. Mzee yule hakuwahi kunisifu hata mara moja. Siku nikifanya vizuri alikuwa ananyamaza, nami nikajifunza kuupenda ukimya wake.

Alikuwa na namna zake za kuujua udongo. Chota konzi moja, loweka kidogo, finyanga tonge, lirushe juu ulidake. Likipasuka mkononi, huo ni mchanga uliovaa nguo za mfinyanzi, nenda ukachimbe kwingine. Likibaki zima, tafuna kidogo, meno yakisaga chembe bado hujafika. Ukiwa laini kama ugali wa muhogo uliosongwa na mwenye mikono, finyanga kikombe, kijaze maji, ukiache. Mzee Balitazari yeye alikuwa akijaza pombe ya ndizi badala ya maji. Nilipomuuliza sababu, akasema maji hayana wa kuyalinda, lakini kikombe cha pombe kitalindwa na yeye mwenyewe. Asubuhi kikombe kilikuwa kitupu kila mara, na kila mara alisema udongo ni mzuri ila wageni walikuwa wengi.

Lililobaki kichwani mwangu ni hili alilosema tukiwa tumesimama kwenye tuta, matope hadi magotini. "Mama Samaki, udongo ni godoro la bwawa. Linalaliwa. Ukiona godoro linaelea, ujue nyumba imefurika." Halafu akanionyesha: udongo wa mfinyanzi unatandazwa sakafuni na kwenye kingo, tabaka kwa tabaka, kila tabaka unene wa kiganja, linakanyagwa kwa miguu mpaka kisigino kinakataa kuzama. Na maji yaingizwe upesi, udongo ungali mbichi, kwa sababu ukiuachia jua unapasuka kama midomo ya mtu mwenye homa. Huo wa chini ni udongo wa faida. Ule unaoelea ndani ya maji ni hasara: unazuia jua, ukijani ambao ndio chakula cha samaki hauoti, na matamvua ya kupumulia yanajaa vumbi. Zamisha mkono wako. Ukiacha kuviona vidole maji yamefika kwenye kiwiko, na maji ni ya kijani, samaki wanakula. Ukiacha kuviona maji yangali kwenye kifundo cha mkono, na rangi ni ya chai ya maziwa, hao samaki wamefunga na Kwaresma haijafika.

Haya yawekeni pembeni kidogo, twende Kasulu.

Ilikuwa miaka ya tisini, wakimbizi wanamiminika kutoka ng'ambo ya mpaka wa Manyovu, na nyuma yao yanamiminika mashirika. Mji wetu uliokuwa ukisikia gari mara moja kwa siku ukajaa magari meupe yenye antena ndefu kama fimbo za kuvulia. Mtu aliyejua Kiingereza cha salamu tu alipata kazi. Aliyejua na cha kuaga akawa msimamizi. Shirika moja, lenye jina refu kuliko kazi zake, liliomba wilaya iliazime mtaalamu wa samaki kwa ajili ya mabwawa ya wanakijiji, wilaya ikaniazima mimi. Sijui hadi leo kama wilaya ililisaidia shirika au iliniondoa kwenye hesabu ya chai.

Meneja wetu pale hakuwa mtu mbaya. Nasema hivyo mapema ili msije mkamchukia. Alikuwa mkarimu, alimsalimia mlinzi kabla ya kumsalimia mhasibu, na alipenda kazi iende. Tatizo lake lilikuwa semina. Kila alipotoka semina alirudi na kitu. Mara ya kwanza alirudi na neno "uwezeshaji", tukalila mwaka mzima. Mara ya pili akarudi na samaki.

Walikuja kwa ndege ndogo ya mashirika, ndani ya mifuko ya nailoni iliyojazwa hewa, wakubwa kama kiganja, wengine wekundu, wengine weupe wenye madoa ya manjano. Koi. Kwa kweli walikuwa wazuri, sitawaficha. Mpishi alipowaona akauliza wanakaangwa au wanachemshwa, akaambiwa hawaliwi, wanatazamwa. Akaniangalia mimi kama mtaalamu, nami nikaangalia pembeni. Wakajengewa bwawa la saruji mbele ya ofisi, penye bustani, likapewa kibao: BWAWA LA MFANO. Mfano wa nini, hakuna aliyeuliza. Saruji ile ingetosha kujengea milango ya maji ya mabwawa yote niliyokuwa nayahangaikia vijijini, lakini saruji ya vijijini ilikuwa bado inajadiliwa.

Kati ya hayo ya vijijini, moja lilikuwa linaninyima raha. Lilikuwa Kagerankanda, la mama mmoja mjane, Stefania. Alikuja nchini utotoni, amebebwa mgongoni kutoka Burundi, na wakati huo alikuwa raia kama wewe na mimi. Aliolewa na mwenyeji wa pale, mume akafa, akamwachia watoto na kipande cha bonde karibu na kijito. Ndugu wa mume, shemeji yake Barnaba, alikuwa mfyatua matofali, na hilo bonde alilitaka. Watu wa mashirika walikuwa wakijenga kila kona na matofali yalikuwa yananunuliwa kama maandazi ya asubuhi. Barnaba hakuwa akigombana. Alikuwa akija na kigoda, anakaa ukingoni mwa bwawa la shemeji yake, anatazama maji yanavyoshuka, halafu anasema kwa upole, "Shemeji, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wewe jembe ulipewa. Bonde ni la ukoo."

Na maji kweli yalikuwa yanashuka. Pale chini ni mchanga. Unajaza leo, keshokutwa vifaranga vya perege vinalala ubavu kwenye dimbwi. Udongo mzuri ulikuwepo karibu, kichuguu kikubwa kama nyumba ya darasa, lakini kichuguu kilikuwa upande wa Barnaba, na Barnaba alisema kila tonge lake ni tofali. Wanawake wa jirani walijaribu kubeba wa mbali kwa vichwa. Mnajua bwawa linavyomeza udongo? Walibeba mpaka shingo zikakataa, sakafu haikufunikwa hata robo.

Jambo likafika kwa wazee wa kitongoji. Wazee wakaamua kwa haki kama walivyoiona: shimo lisiloshika maji si bwawa, ni shimo, na shimo haliwezi kumzuia mtu wa ukoo asifyatue tofali. Lakini likishika, ni kazi ya mikono ya Stefania na hakuna wa kulipokonya. Wakachomeka kijiti ukingoni na kukikata alama, chini kidogo ya kimo cha maji ili jua nalo lipewe fungu lake. Mvua zikikoma mfereji wa kuingizia maji ufungwe. Majani ya mlimani yakishakauka, wazee watarudi. Alama ikiwa ndani ya maji, bonde ni la Stefania. Ikiwa nje, ni la Barnaba.

Nikaenda kwa Meneja kuomba lori, safari moja tu ya udongo. Alinisikiliza vizuri, akasikitika kwa dhati. Akasema lori lipo lakini lina kazi ya kipaumbele. Nikauliza kipaumbele kipi. Akanionyesha dirishani, kwenye Bwawa la Mfano.

Samaki walikuwa wamepauka. Saruji mpya, maji ya bomba, chakula kilekile kila siku, nani asingepauka? Wekundu walikuwa wamefikia rangi ya kitambaa kilichofuliwa sana. Na Meneja alikuwa amesikia kwenye semina kwamba wafugaji wa koi huko kwao humwaga udongo bwawani, kwamba udongo una madini na rangi inarudi. Nilimwambia nimesikia pia, ila huko humwaga konzi ndogo ya udongo uliosafishwa, si zaidi. Akafurahi kwamba nimekubali, hakusikia lile la konzi. Ikaundwa kamati ya udongo. Nilikuwemo, pamoja na dereva, mhasibu, na mtunza stoo, Athumani, kijana wa Kiislamu wa ukoo wa wafanyabiashara wa mjini, mtu mwepesi na msafi, ambaye hakuwahi kutumwa kitu akarudi mikono mitupu.

Athumani akaambiwa atafute udongo bora kuliko wote, usio na uchafu, unaoaminika. Niambieni nyie, ungekuwa Kasulu, umeambiwa ulete udongo unaoaminika, ungeenda wapi? Alienda sokoni akanunua pemba. Ule udongo wa vijiti, umekaushwa, una harufu ya moshi, ambao wajawazito wetu hutafuna. Hoja yake kwenye kamati haikuwa na tundu: kama unamfaa mtoto aliye tumboni, utamshindaje samaki? Mhasibu akasema hiyo ni sayansi. Pemba yote ya soko la Kasulu ikabebwa ikapondwapondwa ikamwagwa kwa samaki.

Samaki walikuja juu, wakaionja, wakaitema. Wasichojua ni kwamba mji mzima ulikuwa umebaki bila pemba. Wajawazito wa Kasulu walizunguka meza za sokoni kama watu waliopotelewa na ufunguo. Wauzaji wakawa wanasema hadharani, udongo wenu wamepewa samaki wa shirika. Ikawa wimbo wa kisima, ikawa utani wa kilabu cha pombe, na Meneja hakusikia kitu kwa sababu vioo vya gari vilikuwa juu. Alisikia nyumbani. Mke wake alikuwa na mimba ya miezi ya katikati, ile ambayo mama akitaka kitu hakuna kesho. Yale waliyozungumza sikuyasikia, ila asubuhi yake kamati iliagizwa iachane na pemba mara moja, na Athumani akatumwa hadi Kibondo kutafuta nyingine ya kurudisha sokoni.

Hapo ndipo lori likatoka. Meneja aliamua kama ni udongo basi uwe udongo hasa, wa kichuguu, uchimbwe mwingi, usiwe wa kugombea na mtu. Wakaleta lori limejaa, wakalimwaga mbele ya ofisi, rundo hilo. Nilifinyanga tonge, nikalirusha, nikalidaka. Nikatafuna, meno hayakusaga kitu. Mzee Balitazari angenyamaza kimya siku nzima mbele ya udongo ule. Nami nilisimama pale nikimwona akilini Stefania na kikapu chake kichwani, machozi yakanijia kwa hasira, nikasingizia vumbi.

Wakachota beleshi kwa beleshi wakatia bwawani. Nilisema. Nilisema kwa upole, nikasema kwa ukali, nikazamisha mkono mbele yao ukapotea kwenye kifundo. Maji yalikuwa uji wa ulezi. Samaki hawakuonekana tena kabisa. Na hapa sikilizeni vizuri, maana mimi si shabiki wa ukweli wa upande mmoja: udongo ule ulileta faida moja. Kulikuwa na korongo wa kijivu aliyekuwa akija kila asubuhi, anasimama kwenye ukuta kwa mguu mmoja kama mkaguzi wa mahesabu, anachagua. Alikuwa ameshachukua koi kadhaa. Maji yalipochafuka, korongo alikuja, akatazama, akainamisha shingo, akatazama tena, akaondoka amekasirika. Kwa hiyo udongo uliwaokoa samaki kwa kuwaficha. Meneja akaandika makao makuu kwamba tangu tiba ya udongo ianze hakuna samaki aliyepotea na rangi imeimarika. Nilimuuliza ameionaje rangi. Akasema, "Bi Yustina, mambo mengine mtu anayahisi."

Makao makuu walipofurahi ndipo matatizo yalipoanza, kwa sababu waliofurahi huja kuona. Ikatangazwa ziara ya wafadhili. Wafadhili wataletwa kwenye Bwawa la Mfano, na hawawezi kuonyeshwa uji. Amri ikageuka siku ileile: maji yote yamwagwe, saruji isuguliwe, yawekwe maji meupe. Na lile rundo la udongo mbele ya ofisi, ambalo lilikuwa halijapungua hata nusu, liondoke.

Dereva akauliza lipelekwe wapi. Meneja akiwa anakimbilia simu ya upepo akasema, "Mbali. Nisilione."

Dereva akanigeukia mimi. Nikamwambia Kagerankanda.

"Mama Samaki, huko ni mbali mno."

"Si umesikia amesema mbali?"

Akacheka, akawasha lori.

Nilitangulia kwa pikipiki kumwambia Stefania. Kwao wanaita ikibiri, kazi ya kusaidiana inayoshukuriwa kwa pombe, na ikibiri haihitaji barua. Lori lilipofika kijiji kizima kilikuwa bondeni na pombe ya ndizi ilikuwa imeshakusanywa nyumba kwa nyumba. Perege wachache waliosalia tukawaweka kwenye mapipa. Tukaanza chini, kiganja kwa kiganja. Wanawake walikanyaga wamefunga kanga kiunoni, wameshikana mabega, wanazunguka kama wanavyokanyaga udongo wa kukandika nyumba, na kila mzunguko nilikuwa nachomeka kisigino changu. Kikizama, mzunguko mwingine. Walinitukana kwa Kiha na kwa Kirundi, matusi yanafanana. Barnaba alikuja na kigoda chake akakaa. Niliona akichota konzi ya udongo uliodondoka njiani, akaufinyanga tonge kwenye vidole, akaurusha, akaudaka. Fundi ni fundi hata akiwa adui. Jioni tukafungua mfereji, maji yakaingia udongo ungali mbichi, na mvua za mwisho zikatumalizia. Kisha mfereji ukafungwa.

Wafadhili walikuja. Maji ya ofisini yalikuwa meupe unaweza kuhesabu chembe za saruji, na koi waliobaki walikuwa wanapita polepole, wamepauka lakini wanaonekana. Meneja akasimama na suti, akaanza kueleza uwezeshaji wa wananchi kupitia samaki. Alipofika kwenye neno "endelevu" korongo alitua ukutani. Hakuna aliyethubutu kumfukuza mbele ya wageni, kila mmoja alisubiri mkubwa wake amfukuze. Korongo akainama, akachomoa mwekundu, akainua kichwa, akammeza. Mama mmoja mfadhili alipiga makofi, nadhani alidhani ni sehemu ya maonyesho. Akachukua wa pili. Wageni waliokuwa mabwana walitazama viatu vyao. Hotuba iliendelea hadi mwisho, na korongo pia.

Aliponea mmoja, aliyejificha kwenye bomba la kuingizia maji. Wageni walipoondoka Meneja alikaa kwenye ngazi, tai imelegea, akaniambia kwa sauti ndogo nimchukue huyo samaki nimhifadhi mahali asipoonekana mpaka mambo yatulie. Nilimwonea huruma, kweli kabisa. Nikamtia samaki kwenye ndoo, nikaifunga nyuma ya pikipiki, na mahali pekee nilipopajua penye maji yasiyoonyesha kitu palikuwa Kagerankanda. Maji ya Stefania yalikuwa yameshaanza kuwa ya kijani. Nilimwachia mle, akatoweka. Mambo hayakutulia. Meneja akahamishwa, shirika likahama, Bwawa la Mfano likawa la kufulia nguo, na hakuna aliyewahi kumdai yule samaki.

Majani ya mlimani yakakauka. Wazee wakarudi, nami nilikuwepo, nimeomba ruhusa ya ugonjwa ambao sikuwa nao. Stefania hakuwa ameweza kula asubuhi ile, aliniambia mwenyewe. Mzee mmoja akaingia maji hadi magotini, akapapasa kijiti, akatafuta alama kwa kidole. Alikaa ameinama muda. Akasema, "Ipo ndani." Basi. Barnaba akakunja kigoda chake akaenda zake, na Stefania akakaa chini palepale kwenye tuta, akalia kwa sauti, na sisi wanawake tukamwacha alie kwa sababu kilio kile alikuwa nacho tangu mume wake afe.

Mnataka jibu la kimfuko? Haya. Kama bwawa lako ni la saruji na maji ya bomba, konzi moja ya udongo safi huenda ikasaidia kidogo. Wapo wafugaji wanaoapa kwa jina la Mungu, nami sina kipimo cha kuwabishia. Usimwage mpaka maji yawe uji. Na kama bwawa lako ni la udongo, kununua udongo wa dukani ni kumpelekea mvuvi maji. Fedha yako kanywee chai. Ila kama bwawa linavuja, hapo udongo ni uhai, lakini uutie chini, uukanyage, na uwe na majirani wa kuukanyaga nao, maana huo haufungwi kwenye kimfuko. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta hauna perege.

Bado sijamaliza. Msimu wa pili, Stefania alipomwaga maji kuvuna, watu walijaa ukingoni na sufuria. Barnaba naye alikuja, safari hii na ndoo, kwa sababu mashimo yake ya matofali yalikuwa yamejaa mvua na alikuwa amekuja kuomba vifaranga vya kupanda. Alikuwa hajalisema bado, lakini ndoo ilikuwa na maji ndani, na mtu haji kula samaki na ndoo ya maji. Perege walikuwa wanarukaruka kwenye matope, wazuri, wanene. Halafu kukatokea kitu katikati, kikubwa kama mkono wa mtu mzima, chekundu kama pilipili iliyoiva, kinang'aa hadi watu wakarudi nyuma. Nilikuwa nimemsahau. Aliingia pale amepauka, hakupewa hata konzi ya tiba, amekula kijani cha maji na wadudu wa matope kama wenzake.

Mtu akasema huyo ni mzimu. Mwingine akasema achomwe aonjwe. Barnaba akasema, na nadhani alisema kwa mazoea tu, ulimi ulimtangulia, "Shemeji, huyo mtoe. Huyo si wa hapa, ni wa kuja. Atawamalizia chakula wenyeji."

Stefania alikuwa amemshika kwa mikono miwili, matope hadi mapajani. Alimtazama samaki, halafu akamtazama Barnaba.

"Oya, Barnaba," akakataa kwa Kirundi. "Na mimi nilikuja."

Mimi nilikuwa natazama samaki, maana alikuwa anafungua mdomo anatafuta maji, na maji bwawani hayakuwepo, yangechukua siku mbili kujaa tena. Barnaba naye alikuwa anatazama hilohilo. Akavua viatu, akaingia kwenye matope na ndoo yake, akaishika mbele ya shemeji yake kwa mikono yote miwili.

"Mtie humu," akasema. "Nitamtunza mpaka lijae."